Mpira Ukidunda Mara Mbili

Mwalimu wetu wa raketiboli hatunaye tena. Jirani yake wa Makole alinipigia simu nikiwa nanunua mchicha, nikalipa na kuondoka bila mchicha wenyewe. Tulimzika kwao Kondoa. Baada ya dua, msemaji wa familia akasimama akasema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na mtu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nakataa. Mama yule alikuwa mgomvi, na ugomvi wake ulikuwa bora kuliko upole wetu sote tuliosimama pale kaburini.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, wawili wanapokezana kuupiga mpira ukutani kwa raketi. Anayeanzisha huudundisha mara moja chini, huupiga kwenye ukuta wa mbele, na ukirudi lazima uvuke mstari uliochorwa sakafuni. Mwenzake anatakiwa aurudishe kabla haujadunda mara mbili. Ukidunda mara mbili, umekufa. Pointi huipata aliyeanzisha tu. Mwingine akimshinda, anachopata ni zamu ya kuanzisha yeye. Hayo tuliyaelewa siku ya kwanza. Kilichotushinda ni kwamba hatukuwa na mwamuzi, hivyo aliyeuona mpira umekufa alipaswa kutamka mwenyewe: “Mbili!” Sasa wewe ni karani, na unacheza na mkuu wako uliyemwamkia shikamoo mlangoni. Utatamka?

Enzi hizo tulicheza katika chumba kirefu cha ofisi moja hapa mjini, na mwenye ufunguo alikuwa mkuu wa ofisi hiyo. Jioni moja mkuu aliufukuza mpira, ukadunda, ukadunda tena, ndipo akaupiga na kujihesabia pointi. Karani aliyecheza naye akajifuta jasho.

“Mbili, mheshimiwa,” Mwalimu akasema kutoka kwenye benchi.

“Mbona mwenzangu hajalalamika, Mwalimu?”

“Huyo anaitaka kazi yake. Mimi nimeshastaafu.”

Tulicheka. Mkuu hakucheka. Kabla wiki haijaisha tukaletewa ujumbe: Mwalimu aombe radhi, la sivyo chumba kitakuwa stoo ya viti vibovu. Tukaenda kwake kumbembeleza. “Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite,” nikamwambia. Akanitazama hadi nikaona aibu. “Viti vikakae,” akasema. “Kuta hazijaisha Dodoma.” Akahamia Chang'ombe, nyuma ya ghala la alizeti, kwenye ukuta mmoja tu na upepo unaojaza vumbi machoni. Mistari aliichora mwenyewe kwa chokaa, akiwa na ushungi wake na raba zake, na upepo ukiifuta aliichora upya. Nasi tukamfuata, mmoja mmoja, hata yule karani.

Sina ugomvi na heshima. Nimelelewa kwa shikamoo na nitaiitikia hadi nife. Lakini katika mji huu wenye wakuu kila kona tumeitwika shikamoo mzigo usio wake. Mtu anaona kisima kinachimbwa pasipo na maji, anasema sawa mkuu. Anaona jengo linapasuka kabla halijazinduliwa, anasema sawa mkuu. Kisha tunashangaa kwa nini mambo hayaendi, na jambo hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika gazetini.

Jumamosi iliyofuata mazishi tulirudi ghalani. Nilicheza na binti mmoja wa masijala, mgeni kabisa katika mchezo, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu. Mpira wake ulirudi chini sana, nikaufikia kwa kuchelewa, nikaupiga vizuri mno. Binti akasimama. Akazitazama mvi zangu, akautazama ukuta.

“Mbili!” akasema, kisha haraka, “Samahani, baba.”

Nikamwambia samahani hiyo airudishe mfukoni, shikamoo aliyonipa asubuhi inanitosha. Mkimsifu Mwalimu kwa upole asiokuwa nao, mnamzika mara ya pili, na mara hii mnazika kilicho hai. Semeni aligombana. Mimi nilimpa binti mpira, nikarudi nyuma ya mstari, nikamwambia aanzishe.