Akiba ya Nyasi

Baba yangu hakuwahi kumiliki shamba la mkonge, lakini kijiji kilimpa kilima akisimamie, na kwake hiyo ilitosha. Alikwenda Tanga akiwa kijana, kama walivyokwenda Waha wengi wa rika lake, kukata mkonge kwa mkataba. Akarudi Kasulu akiwa nyapara mstaafu, mwenye koti, filimbi, na imani kwamba kitu chochote kikinyooshwa kwa kamba lazima kitazaa. Mihogo yetu ilisimama kwa mistari. Kuni zilipangwa kwa mistari. Jumapili tulikwenda kanisani kwa mstari, na majirani walitoka nje kutuangalia. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa, wa umri wa kuona aibu, na niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Kilima kilikuwa cha malisho, kando ya njia ya kwenda Buhigwe. Tangu zamani wachungaji walikichoma kila kiangazi, na mvua ya kwanza ikigusa majivu, majani mabichi yalichipua, ng'ombe wakala, watu wakasahau. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaja bwana mifugo na pikipiki yake, akaitisha mkutano.

Nilikuwepo, nimesimama nyuma na wanawake, na nakiri alieleza vizuri. Alisema moto wa kila mwaka na kwato za mwaka mzima bila mapumziko huichosha ardhi. Tukigawe kilima pande mbili. Upande mmoja uliwe, mwingine upumzike, kisha tubadilishane, msimu kwa msimu. Akaongeza kwamba nyasi zisipoliwa kabisa nazo huzeeka, zikakosa ladha, kwa hiyo tusisahau kubadilishana. Baba alilisikiliza lile neno la kupumzika kwa moyo wake wote. Lilipofika neno la kubadilishana, alikuwa ameshaanza kukipima kilima kwa macho.

Walimchagua mwenyekiti wa kamati ya malisho. Hakukuwa na mgombea mwingine, maana kazi yenyewe ilikuwa kugombana na wachungaji, na baba ndiye peke yake aliyeiona hiyo kuwa faida. Alipata miche ya mkonge, sijui kwa nani, akaipanda kwa kamba kutoka kijitoni hadi kileleni. Upande wa mawio akauita Akiba. Upande wa machweo akauita Matumizi. "Akiba haiozi," aliwaambia wajumbe, akapuliza filimbi, na tangu siku hiyo hakuna kwato iliyovuka. Bwana mifugo akahamishiwa Kibondo kabla mkonge haujashika vizuri, na habari ya kubadilishana ikahama naye.

Sasa lazima nimtaje ng'ombe. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye pembe zilizopinda kwa ndani. Nasema alikuwa naye, hakuwa wake. Alikabidhiwa na mjomba, mdogo wake mama, kwa desturi yetu ya ubugabire. Mwenye ng'ombe humpa mtu amtunze. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na ndama hurudi kwa mwenyewe kwa zamu walizokubaliana kwa mdomo. Ng'ombe akinenepa, undugu nao unanenepa. Akikonda, mwenyewe huja, humtazama, humfungua kamba akaondoka naye, na adabu inataka mtunzaji asiseme neno.

Ng'ombe yule ndiye aliyemlea mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa dhaifu na kukataa kila chakula isipokuwa maziwa. Samadi yake ndiyo iliyoizalisha migomba ya mama. Mama alimjua kuliko alivyotujua sisi, na sikuwahi kumlaumu, kwa kuwa sisi hatukutoa kitu.

Mwaka wa kwanza baba alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotuponza. Akiba ilipendeza. Nyasi zilifunga udongo, udongo ukawa mweusi na laini, mvua ikanywewa palepale iliponyeshea. Watu wakaja kutazama. Akaja diwani, akaja mchungaji wa kanisa, wakaja wageni wa mradi fulani wakiwa na kofia. Baba akafyeka kijinjia pembeni mwa mstari wa mkonge ili wageni wasilowe viatu, na kila nyasi zikiota humo, alizifyeka tena. Aliwatembeza kwa mkono mgongoni. Walisema ni mfano wa kuigwa. Mfano wa kuigwa haupaswi kuliwa na ng'ombe, hata mimi nililielewa hilo.

"Baba watoto," mama alimwambia msimu uliofuata, "si alisema tubadilishane?"

"Bado hazijakomaa."

"Nyasi zinakomaa ili iweje? Tutazivuna tuzipike?"

"Wewe unafikiria tumbo la leo. Mimi nafikiria kesho."

Hilo la tumbo lilimuuma, maana tumbo lililokuwa likizungumziwa lilikuwa la mtoto.

Ng'ombe wote wa kijiji waliishi Matumizi, kiangazi na masika. Majani matamu yaliliwa yakiwa bado machanga, kisha yakaacha kuota, na mahali pake yakaja magugu ambayo hata mbuzi aliyapita akiangalia pembeni. Udongo ukakanyagwa ukawa mgumu kama uwanja wa shule. Mvua iliponyesha haikuingia, iliteremka tu, ikiwa nyekundu, ikapita katikati ya migomba ya mama na kuondoka na samadi. Upande wa pili wa mkonge, Akiba ikazidi kurefuka. Mtu mzima aliingia asionekane. Lakini ukiinama ukatazama chini, mashina yalikuwa ya kijivu, yamekauka, yamelaliana, na majani mafupi ya malisho yaliyokuwa humo zamani yamekufa kwa kukosa jua. Vichaka vikaanza kujitokeza. Sungura walihama. Mchwa wakahamia, wakawa ndio pekee waliokula akiba ile bila kibali cha kamati.

Ulikuwa wakati ambao wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakijenga kambini huko Mtabila, na wanawake wawili wakaja kuomba nyasi za kuezeka. Walizungumza Kirundi, nasi Kiha, tukaelewana bila shida.

"Waache wakate," mama alisema. "Ng'ombe hawazili, wao watalala chini yake."

Baba alikataa, kwa heshima na kwa kirefu. Aliwaeleza maana ya akiba watu ambao walikuwa wameacha kila kitu walichojiwekea ng'ambo ya mpaka. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, wakaenda kuomba kwingine. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na bado nikikumbuka nakasirika.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Ng'ombe wa mama alionyesha mbavu, na maziwa yakashuka hadi hayajazi kikombe. Ndipo mjomba akatuma salamu kwamba atapita kutuona. Hakutaja ng'ombe, na kwa kutomtaja tukajua anamjia nani.

Kwa mara ya kwanza nilimwona baba akiogopa. Asubuhi akatangaza kwamba Akiba itafunguliwa. Alifanya sherehe, asingeweza kufanya vinginevyo. Wenye ng'ombe walikuja wote. Aling'oa mikonge miwili kufanya lango, akavaa koti, akasema maneno machache kuhusu uvumilivu, akapuliza filimbi.

Ng'ombe wakaingia. Tuliona nyasi zikitikisika, kisha zikatulia. Kisha tukasikia kikohozi. Ng'ombe wa mama ndiye aliyetoka kwanza, vumbi puani, bua kavu limening'inia mdomoni mwake, akalitema. Wengine wakamfuata. Hawakurudi Matumizi. Waligeukia kile kijinjia cha wageni, mahali ambapo baba alifyeka na kuacha, akafyeka na kuacha, na ambapo majani yalikuwa mafupi, laini, ya kijani hata kiangazi kile. Wakainamisha vichwa wakala, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mstari ulionyooka. Kabla jua halijawa kali walikuwa wamekimaliza.

Kuna mtu alicheka, kisha wakacheka wote. Mimi nilicheka pia mpaka nilipomtazama mama. Hakuwa akimtazama baba wala kilima. Alikuwa amepitisha mkono wake kwenye mbavu za ng'ombe, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuzificha.

Mjomba alifika kesho yake. Baada ya salamu na ugali, baba alimpeleka kilimani kumtembeza. Sijui alitegemea nini. Nadhani miguu ilikuwa imezoea. Mjomba alizitazama nyasi zilizopita kofia yake, akarudi nyumbani, akasimama zizini.

"Shemeji," aliuliza, "nyasi zote zile, na ng'ombe yuko hivi?"

"Zilikuwa za baadaye," baba alisema.

Mjomba hakugombana. Alifungua kamba. Mama alisimama pembeni, mikono imefumbatwa, na kwa adabu hakusema neno. Hata habari ya mtoto na maziwa hakuitaja. Nami nilitaka kuitaja, akanikanya kwa jicho.

Ndipo mjomba akamgeukia. "Dada, sikumleta huyu hapa kwa ajili ya maziwa tu. Nilimleta ili nikipita nimtazame yeye, nijue wewe unaishije. Inka, ng'ombe, hasemi uongo. Ukitaka, tunaondoka watatu."

Alisema hivyo mbele ya baba. Baba alikuwa ameshika nguzo ya zizi, na nilimwona akiishika kwa mikono miwili. Kwa kweli nilidhani mama atakwenda. Sikuwa na uhakika kwamba ningemzuia.

Mama alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile la kukagua alilomkagulia ng'ombe.

"Nenda naye," alimwambia mjomba. "Huyu nikimwacha, atajiweka akiba mpaka aoze."

Mjomba akacheka kidogo, akamswaga ng'ombe wake kuelekea Buhigwe. Yule ng'ombe hakugeuka nyuma hata mara moja. Mama aliingia jikoni akaanza kusonga ugali ambao hakuna aliyeuomba.

Jioni mdogo wetu alitoka ndani na kikombe chake kama kila siku, akaenda zizini. Hakuna aliyemzuia. Baba ndiye aliyemfuata. Nikiwa jikoni nilimsikia akichuchumaa, akimweleza kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba asilie, maziwa yapo, yamewekwa, atakunywa baadaye.

Mtoto akamuuliza yamewekwa wapi.