Karatasi za Bi Kizee wa Newburg

Ndugu yangu, nimechoka. Juzi nilitoka kwangu Riverside, hapa Buffalo, nikaendesha gari hadi Louisville harusini, na wakati wa kurudi nikapita Newburg, mtaa wa huko huko Louisville, kwenye yale maghorofa tuliyofikia kutoka kambini Tanzania. Dirisha la bi kizee lina pazia la watu wengine. Nikakaa pale kama mjinga, injini inaunguruma.

Bi kizee alikuwa mwandishi. Alianza na mashairi akiwa msichana, kisha riwaya, zote kwa Kiebrania, na huko kwao watu walimsoma kweli kweli. Newburg majirani walidhani ni mwalimu mstaafu tu. Wajukuu zake walimjibu kwa Kiingereza, kama mimi nilivyomjibu mama. Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumpikia. Nikitoka shule nilikaa jikoni kwake, harufu ya supu ya kuku imejaa, kalamu yake inakwaruza kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi nawatafsiria, maana Kiingereza cha mama kilikuwa cha salamu.

Alikuwa na riwaya ya mwisho, miaka anahangaika nayo. Ukurasa ukimkera, anaukunja na kuutupa. Mama, toba! Kambini nani alitupa karatasi yenye maandishi? Ukipoteza karatasi umepoteza mgao, umepoteza na safari. Basi kila jioni aliziokota kwenye pipa, akazinyoosha kwa pasi, akazitia kwenye mfuko wa mchele. Bi kizee alipotimiza mwaka mwingine, akamkabidhi mfuko mzima huku anacheka kwa furaha.

"Bibi, nimekutunzia."

Bi kizee akapekua, akapekua. Tangu siku ile hakuandika mbele tena. Alirudi kwenye kurasa zile, anachukua hii, anaacha ile, mpaka riwaya ikamvurugikia mikononi. Siku moja, mama anaosha vyombo, bi kizee akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba alikuwa akitupa ili afike mwisho, na sasa hafiki.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema asante."

Akauliza tena. Nikasema asante sana.

Bi kizee alikufa riwaya haijaisha. Sisi tukahamia Columbus, mama akafanya kazi ghalani mpaka magoti yakamwisha.

Safari hii nililala kwa mama, Whitehall, kando ya Columbus. Alikuwa anapika lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharage, anamsimulia jirani yake Mkongo jinsi alivyookoa kitabu cha mwandishi.

"Bon, mama, ulifanyaka kazi ya Mungu kabisa," jirani akasema.

Jirani alipotoka, sijui ni uchovu wa barabara, nikamwambia mama yote. Akazima jiko. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Ungeniambia siku ile," akasema. "Ningemwomba msamaha angali hai."

Nimerudi Buffalo, kesho niko zamu ya asubuhi. Bi kizee hayupo, jiko lile limekuwa la watu wengine, vitabu vyake hakuna kwetu anayeweza kuvisoma, na ule msamaha wa mama sina wa kumpelekea.