Kalori za Pacha Wangu

Daktari alimwambia pacha wangu kwamba ngiri yake ya kitovu haitapasuliwa mpaka apunguze mwili. Alinipigia simu kutoka Kilosa jioni ileile, na kabla hajamaliza kulalamika nilishaamua. Nikamwambia tutapungua wote. Hakuniuliza kwa nini, maana sisi hatujawahi kuulizana hivyo. Alipougua surua, niliugua. Alipotobolewa masikio, nilitobolewa siku hiyohiyo, ingawa nilipiga kelele mpaka wakasikia kule stesheni ya reli alikofanya kazi baba.

Mimi naishi Mikumi, nafua mashuka ya gesti moja kando ya barabara kuu. Yeye alibaki Kilosa, pale Mabwerebwere, na cherehani yake iko barazani. Mwisho wa mwezi nilikwenda kumwona, tukapanda mizani ya zahanati, mmoja baada ya mwingine. Nesi akatazama, akampandisha tena yeye, akidhani mizani imekwama. Tulikuwa sawa kwa uzito na kwa urefu, na umri ndiyo usiseme. Tukatoka pale tunacheka, kila mmoja akaweka kwenye simu yake programu ya kuhesabu kalori. Yeye aliweka aliyoelekezwa na nesi. Mimi niliweka ya kwanza niliyoiona, kwa sababu ilikuwa na picha ya parachichi.

Tulijaza maswali tukiwa tumekaa kwenye kitanda kimoja. Yake ikamwambia ale kalori 1,250 kwa siku. Yangu ikasema 1,700.

"Yako imekosea," akasema.

"Yako ndiyo imekosea. Inataka kukuua."

Tukacheka, ila kicheko changu hakikufika mbali. Mtu asiyelelewa kipacha hawezi kunielewa hapa. Mama yetu alikuwa akigawa mnofu wa kuku kwa kisu, kisha anaweka kipande hiki kiganja hiki na kile kiganja kile, kuona kama vinalingana, kwa sababu kwao wanaamini pacha akipunjwa huugua. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwahi kula kitu utotoni nikajiuliza kama mwenzangu amepata zaidi. Sasa simu, kitu cha kununua dukani, ilikuwa imetugawia vipande visivyolingana, na aliyependelewa ni mimi.

Nikarudi Mikumi. Kila jioni tulisimuliana kwa simu tulichokula. Programu yake haikuujua mlenda, ikamletea bamia za kukaanga, naye akakubali kwa kuwa hakutaka kubishana. Yangu iliujua ugali lakini iliupima kwa kikombe, na mimi hadi leo sijamwona mtu anayepima ugali kwa kikombe. Yeye aliishika namba yake kama mtu aliyekula kiapo. Ukimtajia nyama ya mbuzi, anakujibu mchicha. Mimi nikishakamua mashuka ya gesti nzima, zile 1,700 nilizimaliza kabla ya alasiri, na zilizofuata sikuziandika popote.

Basi yeye akapungua, mimi nikabaki. Siku moja akanitumia picha. Mifupa ya mashavu ilikuwa imejitokeza, shingo imerefuka. Alikuwa amependeza, nasema kweli, na picha ile ilinichoma. Tangu nilipoolewa nikahamia Mikumi, nilikuwa na njia yangu ya kujiliwaza ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa na hamu naye, nilikwenda kwenye kioo cha bafu la gesti, nikajitazama, nikamwona. Mara nyingine nilimsalimu. Sasa nikitazama nilijiona mimi mwenyewe tu, mwanamke wa makamo mwenye kilemba kilicholowa maji ya sabuni.

Ndipo nikaanza kuitafuta namba yake. Niliweka programu moja, nikafuta, nikaweka nyingine. Kuna iliyonipa 1,950, nikaifuta kwa hasira kana kwamba imenitukana. Kuna iliyonipa 1,480. Nyingine ilitaka hela kwanza ndipo iseme, kama mganga. Nikawa najiuliza programu hizi zinatofautianaje ilhali mwili wenyewe ni huuhuu, mpaka nilipomwomba pacha wangu anisomee ya kwake swali kwa swali. Ilimuuliza kazi yake ni ya namna gani, akajibu kweli, kwamba ni ya kukaa. Ikamuuliza anataka kupungua kwa kasi gani, akajibu kasi ya mwisho, kwa sababu daktari anamsubiri. Mimi siku ile kwenye kitanda nilijibu kazi nzito, na polepole. Nikaweka ileile ya kwake. Nikaidanganya kwamba nashinda nimekaa na kwamba nina haraka sana. Ikaniletea 1,250. Nilitabasamu peke yangu uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

Kuipata ilikuwa rahisi, kazi ilikuwa kuishi nayo. Wiki haikuisha. Nilikuwa nakamua shuka, ua ukazunguka, nikajikuta nimekaa ndani ya beseni. Mama mwenye gesti akaniletea chai yenye sukari nyingi, akasimama hapohapo mpaka nilipoimaliza.

"Nani kakwambia umenenepa?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Sasa unajitesa njaa ya nini?"

Nikamweleza habari ya pacha wangu na ile ngiri. Akachukua kikombe chake.

"Ungekuwa wewe ndiye unayepasuliwa, ningekuelewa," akasema, akaingia ndani.

Jioni nikampigia pacha wangu nikamsimulia, nikitegemea atanihurumia, au walau atacheka habari ya beseni.

"Pacha, acha," akasema. "Hiyo ni yangu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu. Nilimtakia usiku mwema, nikarudi kula kama kawaida, na sikuitafuta tena ile namba.

Alifikia uzito aliotakiwa, akapasuliwa salama. Nilikwenda kumuuguza siku za mwanzo, nikarudi kazini, kisha nikaenda tena alipokwisha kurudi kwenye cherehani. Asubuhi hiyo tulikwenda sokoni wawili. Binti muuza nyanya, ambaye hatukuwa tunamjua, akanitazama akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Akamgeukia pacha wangu.

"Mambo, dada."

"Poa," akajibu upesi, na mwendo wake ukawa mwepesi mpaka tunafika nyumbani. Aliyetangulia kuzaliwa ni yeye, lakini sikumwonea wivu wa ujana. Nilikuwa nawaza maisha yetu yote, watu wakimwita kwa jina langu na kumlaumu kwa maneno niliyosema mimi. Huenda alichoka zamani asiniambie. Kwangu mimi kuchanganywa naye kulikuwa raha, na nilidhani ni raha yetu sote.

Barazani alikuwa na kitenge alichoninunulia. Miaka yote amenishonea bila kunipima. Alijipima yeye mwenyewe, akakata nguo mbili, na ya kwangu ilinikaa. Safari hii alikitandaza kitenge, akakitazama, akaning'iniza tepu ya kupimia shingoni mwake.

"Simama nikupime," akasema.

Nikasimama, nikanyoosha mikono kama wateja wake wanavyofanya. Akapitisha tepu kiunoni kwangu, kichwa chake karibu na kifua changu, ananukia sabuni ileile ya kwetu. Akavitaja vipimo kwa sauti yake ya kazini. Nami nikamkumbuka pacha wangu, nikamkumbuka sana, hali mikono yake imenizunguka.