Cha Kulimia

Mwanamke alisimama katikati ya mkutano wa kijiji, akamtazama baba mkwe wake usoni, akamwita kwa jina.

Kwa jina, jamani. Siyo "baba", siyo "mkwe". Jina lenyewe, kama unavyoita mbuzi.

Wewe uliyekulia mjini utauliza, sasa hapo kuna habari gani? Tulia. Kwetu Iramba enzi hizo, heri mke wa mtu angechoma nyumba ya mumewe. Nyumba hujengwa nyingine.

Naisimulia kama nilivyoipata kwa mwalimu Luciana. Alikuwepo siku hiyo, na mpaka leo, bibi mzima, akifika kwenye lile jina anapunguza sauti.

Mwisho wa mwaka 1975 Luciana alikuwa amerudi chuo cha ualimu baada ya kukaa kijijini tangu mwezi wa kwanza. Mkufunzi akawaweka wanachuo darasani, kila mmoja asimame aeleze mwaka uliopita umemfunza nini.

Wenzake wakatiririka. Siasa ni kilimo. Kuchimba vyoo. Kuishi na wananchi.

Luciana alikaa nyuma kabisa. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, na lenyewe ni la kitabu cha ngumbaru, ukurasa wa kwanza.

Turudi nyuma kidogo.

Luciana ni binti wa Ilongero, Mnyaturu. Chuo kikampeleka kwa Wanyiramba, kijiji kipya mbele ya Kinyangiri, akafundishe watoto asubuhi na watu wazima jioni.

Kipya kweli. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishwa, huyu katoka huku, yule kule, nyumba zimepangwa mstari. Jirani yako wa jana umempoteza, wa leo humjui baba yake wala babu yake. Na njaa ilikuwa imepiga hodi. Watu walikula unga wa njano wa msaada na kushukuru.

Akapangiwa kulala kwa Elina, mama Hana.

Elina alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kicheko cha kushtukiza. Mumewe, Laurian, alikuwa kusini huko na Wachina wanajenga reli. Nyumbani alibaki yeye, watoto wake watatu na ng'ombe sita. Hao ng'ombe ndio waliokuwa uhai wa ile nyumba. Unga ukiisha, watoto wanakunywa maziwa wanalala. Kwa nyumba nyingine walikuwa wanalala na maji.

Sasa twende kwenye ngumbaru. Darasa lilikuwa ndani ya ghala la kijiji, wanawake wamekaa kwenye magunia. Ukurasa wa kwanza una picha ya jembe, na chini yake limeandikwa neno.

"Mama Hana, soma."

Elina akaangalia. "Cha kulimia."

"Hapakuandikwa hivyo."

"Najua palivyoandikwa, mwalimu."

"Basi soma."

Wale wanawake wengine wote wakainamisha macho, utadhani wamefumaniwa. Luciana akarudia, akagonga ubao na chaki, akapandisha sauti. Alikuwa na miaka ishirini na ualimu wa wiki mbili, msamehe tu.

Elina akafunga kitabu taratibu.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akamweleza.

"Hilo ni jina la mkwe wangu, mwalimu. Baba yake Laurian."

"Yuko wapi?"

"Alikwenda mkonge, Tanga huko, mume wangu akiwa bado tumboni. Hakurudi. Mimi nimeolewa sijamwona hata kivuli. Lakini jina lake liko ndani ya nyumba, na siku nilipoingia nilikabidhiwa pamoja na chungu."

Luciana mambo ya wakwe aliyajua. Hata kwao mama yake hakumtaja babu. Ila hakudhani mwiko unafika mpaka kwenye kitabu cha serikali.

Basi wakaelewana. Kila neno Elina alisoma, na kwa haraka kuliko wote. Likija lile, anasema "cha kulimia", mwalimu anageuka ubaoni kama hakusikia.

Mwezi wa sita, upepo wa baridi unapiga, akatokea mtu.

Mzee mrefu, mgongo umeanza kupinda, viganja vimechanika kwa mkonge. Alishuka kwenye lori Shelui akaja kwa miguu, akiulizia njia nzima. Alipofika kwa mwenyekiti wa kijiji, Melkiori, akaweka kifurushi chini.

"Mimi ni Jembe. Nimerudi nyumbani."

Kijiji kizima kikamiminika. Kinyiramba chake kilikuwa kizito, lakini miaka thelathini kambini, ungetaka kiweje? Alimtaja marehemu mkewe, Raheli. Alitaja alama ya ng'ombe wa kwao, sikio la kushoto limekatwa pembeni. Alitaja jiwe walilokuwa wakinolea visu.

Aliyewahi kumjua Jembe alibaki mmoja tu pale kijijini, mzee Antipasi. Wengine operesheni ya kuhamisha watu ilikuwa imewatupa vijiji vingine. Antipasi akamshika yule mtu mikono yote miwili, akalia.

"Umebadilika, ndugu yangu."

"Mkonge haubakizi mtu."

Elina alilia pia, kwa furaha. Alipiga magoti mbali, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, macho chini. Tangu siku ile akawa hapiti anapopita mzee. Chakula alipeleka Hana, binti yake mkubwa.

Wiki hazikupita nyingi, mzee akaanza habari ya ng'ombe.

Kwamba ni wake. Kwamba alimwachia mkewe, sasa amerudi, na yeye amechoka, anataka kuwauza afungue duka Shelui. Mnunuzi keshampata. Atakuja kuwachukua siku ya mkutano wa kijiji, makabidhiano yawe mbele ya watu.

Wote sita.

Hapo Elina maji yakamfika shingoni. Kumjibu mkwe hawezi. Kumtazama hawezi. Kumwandikia Laurian? Barua ya kwenda relini ilikuwa inafika ikifika. Na hata Laurian angekuja, angesema nini? Baba yake hakuwahi kumwona.

Halafu asubuhi moja, Luciana anajiandaa kwenda shule, Elina akaingia ndani na kuegemea mlango.

"Mwalimu. Amenicheka."

"Nani?"

"Huyu mzee. Nilikuwa zizini, akaja kwa nyuma, ati mama Hana, jembe liko wapi. Nikamjibu nimegeukia ukuta, cha kulimia kiko pale mlangoni. Akacheka. Akaniuliza kwa nini watu wa huku mnasema cha kulimia, Kiswahili gani hicho."

Luciana akaacha kufunga viatu.

Mnyiramba, tena mwenye jina lenyewe, anauliza kwa nini mke wa mwanawe halitaji.

"Huyu siye," Luciana alisema.

"Usiseme hivyo," Elina alinong'ona. "Akiwa ndiye, umenilaani."

"Twende kwa mwenyekiti."

"Nikaseme nini? Kwamba mkwe amenicheka? Watasema namkana mzee kwa ajili ya maziwa."

Luciana akaenda peke yake. Melkiori alimsikiliza huku akisafisha meno kwa kijiti.

"Mwalimu, wewe ni Mnyaturu. Haya ni ya kwetu."

"Naomba aulizwe maswali tu, mzee. Mkutanoni."

"Ataulizwa. Utamuuliza wewe. Lakini kumbuka ripoti yako ya chuo naandika mimi, na mwalimu mgombanishi hatumhitaji."

Ile ilikuwa Jumatano. Mkutano Ijumaa.

Ijumaa yenyewe, upepo ulikuwa unarusha vumbi mpaka kwenye meno. Watu wamejaa mbele ya ghala. Mnunuzi wa Shelui keshafika, kamba begani, ng'ombe wamefungwa pembeni, wale watoto wa Elina wameshika mmoja shingoni hawataki kuachia.

Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na mwenyekiti. Luciana alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Baba yako alizikwa wapi?"

"Mlangoni pa zizi la zamani, kichwa kimeelekea mawio."

Antipasi akatikisa kichwa kukubali.

"Mkeo alikuwa na kovu?"

"Kwenye paja, la kuungua uji. Unataka nitaje na upande?"

Watu wakacheka. Kila alilouliza, yule mtu alijibu, tena kwa kuongeza. Jina la mbwa. Ng'ombe wa mahari alikuwa na rangi gani. Hadi Luciana mwenyewe akaanza kujiona mjinga, kwamba labda ndiye, na yeye amekuja kuvuruga nyumba ya watu.

Melkiori akasimama. "Mwalimu, umeridhika? Kaa chini. Mnunuzi, fungua ng'ombe."

Mnunuzi akaenda. Mtoto wa mwisho akaanza kulia.

Ndipo Elina akainuka.

Alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Akaja mpaka mbele, polepole, akashusha kanga kutoka kichwani ikaanguka mabegani. Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtu aje, akamtazama usoni.

"Jembe," alisema.

Wallahi hata upepo nahisi ulisita. Wanawake waliziba midomo. Mzee Antipasi aliinama kama aliyepigwa tumboni. Luciana alitaka kukimbia amfunike mdomo, maana alijua bei yake. Kama yule ni mkwe kweli, Elina anarudishwa kwao leo hii, mikono mitupu, na watoto wanabaki.

Yule mzee akatabasamu.

"Naam, mwanangu."

Ameitika.

Ameitika, ndugu zangu, tena kwa upole.

Watu wakabaki wanamkodolea macho, na lile tabasamu likaanza kukauka usoni. Akamwangalia mwenyekiti, akawaangalia wanawake, akamwangalia Antipasi.

"Nimekosea nini?" aliuliza.

Antipasi ndiye aliyejibu. "Jembe ninayemjua mimi angetoka hapa bila hata viatu. Asingelala tena kijiji kimoja na huyu mwanamke mpaka mbuzi achinjwe. Wewe umeitika."

"Labda amesahau," Melkiori alijaribu.

"Kusahau?" Antipasi alisema. "Mama yake mwenyewe alikufa hajamtaja mkwe wake. Mkewe vilevile. Hilo tulinyonya kwenye maziwa. Na angekuwa amesahau, angeuliza amekosea nini?"

Elina hakuyatoa macho yake usoni pa yule mtu.

"Mwenyekiti," alisema, "kama huyu ni baba wa mume wangu, nirudisheni kwetu sasa hivi, sitabisha. Kama siye, ng'ombe warudi zizini."

Mgambo wakaanza kusogea. Yule mtu aliinuka nusu, akarudi kwenye kigoda.

Halafu akasema ukweli.

Jina lake lilikuwa jingine. Alizaliwa kambini kwenye mkonge, baba hamjui, kwao hapajui. Jembe alikuwa mwenzake wa chumba kimoja, miaka na miaka. Kila jioni baada ya kazi Jembe alisimulia nyumbani. Zizi, mbwa, jiwe la kunolea, Raheli na kovu lake. Hakuwa na habari nyingine, ni hiyo hiyo mpaka ikawa wimbo.

"Alifia mikononi mwangu," alisema. "Nikabaki na kwao kichwani. Mimi sikuwa na kwangu."

"Na ng'ombe?" Melkiori aliuliza kwa ukali.

Uchungu ni uchungu, lakini tamaa nayo ilikuwepo, tusimpambe.

Mgambo walipomshika mikono wampeleke polisi Kiomboi, Elina akawazuia. Akauliza swali moja tu.

"Aliwahi kumtaja mwanawe?"

Mtu yule akainamisha kichwa. "Alikuwa anasema, sijui ni wa kiume au wa kike."

Elina akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kilio cha msiba. Kilikuwa ni cha mkwe ambaye hakumwona, na wanawake wote wakamwitikia. Ng'ombe walirudi zizini bila mtu kuamuru.

Na hapo ndipo ilipo siri yake. Yule mtu alisimuliwa kila kitu isipokuwa mkwe. Angesimuliwa vipi? Jembe aliondoka mke ana mimba. Hakuwahi kuwa na mke wa mwanawe wa kukwepana naye njiani.

Basi, darasani kule chuoni, zamu ya Luciana ikafika. Akasimama, akaeleza yote haya.

Mkufunzi alikuwa anapekua karatasi. "Lakini naona hapa, kwenye jaribio la kisomo la mwezi wa nane, mwanafunzi wako Elina alikosa neno. Na ni la ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo, mwalimu. Msimamizi alimwonyesha, naye akasema cha kulimia."

"Baada ya mkutano ule? Si alishalitamka mbele ya kijiji?"

"Alimwita mtu ambaye siye," Luciana alisema. "Mkwe wake hajamtaja mpaka leo."

Mkufunzi akachukua kalamu, akafanya jambo kwenye ile karatasi. Luciana hakuwahi kujua ni jambo gani, na hajali.

Funzo? Mtu anaweza kukusikiliza miaka, akabeba mji wako wote kichwani hadi jina la mbwa. Heshima ya kwenu hataibeba, kwa sababu hakuna anayeisimulia. Inakaa tu ndani, mpaka siku mtu akuite.

Mnajiuliza mimi haya yananihusu nini. Yule Hana aliyekuwa anapeleka chakula ndiye mama yangu. Mimi nimeanza darasa la kwanza, mwalimu kaonyesha picha ukutani, kauliza hiki ni nini, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa kujiamini kabisa.

"Cha kulimia," nikasema.

Wakanicheka wote. Mwalimu mkuu, mama mmoja mzee wa Kinyaturu aliyekuwa amepita tu mlangoni, hakucheka. Aliingia, akaniuliza mimi ni mjukuu wa nani.