Mashine ya Barafu Hailali na Blanketi

Nakumbuka alasiri moja pale Ekero, katikati ya mashamba ya miwa, wakati wa likizo. Usicheke, mwanangu. Wewe ni kidato cha kwanza, mimi ni cha tatu, na ndevu zangu mbili zimeona mengi.

Nilikuwa nimejilaza juu ya magunia katika duka la samaki la senge, dada wa baba, nikisikiliza mashine ya barafu. Maji hutiririka juu ya bamba baridi, chururu, chururu, yakiganda taratibu kama mtu anayesahau anachotaka kusema. Kisha mashine huvuta pumzi na vipande huporomoka sandukuni. Mimi husafiri mbali kwa sauti hiyo, bila nauli.

Siku hiyo hakikuporomoka kitu. Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Senge akashika kichwa. Samaki wake walikuwa njiani kutoka Kisumu, na bila barafu, kufikia asubuhi wangekuwa chakula cha paka.

"Gesi ya kupozea imeisha," akasema. Muuza mkaa wa jirani akakubali: gesi. Mimi nikawa nawasha na kuzima swichi, nawasha na kuzima, hadi fundi Makokha, aliyeitwa na senge, akaingia na mkoba wake.

"Wewe, hicho kidole kinalipwa mshahara? Acha ipumue! Ikizimika, ngoja itulie kabla ya kuiamsha."

Hakugusa mtungi wa gesi aliokuja nao. Aliweka kiganja nyuma ya mashine, mahali hewa ya moto hutokea. Hapakuwa na upepo, joto tu kama la jiko. Akainua kitambaa.

Hapo lazima nikueleze. Nyanya yetu, Kukhu, hufuma vitambaa vya uzi na kuvisha kila kitu: redio, runinga, chupa ya chai. Wiki hiyo alikuwa ameikuta mashine iko uchi, akaivisha blanketi la sufu lenye vishada hadi sakafuni, pande zote. Chini yake, mapezi ya kutolea joto, yale yanayofanana na rejeta ya gari, yalikuwa yamejaa masizi ya miwa iliyochomwa.

"Gesi ya nini?" akasema Makokha. "Mtu akizibwa pua, unamwongezea ugali?"

Kukhu alikuwa hapo hapo kwenye kigoda, akimtazama. Methali ya "kikulacho ki nguoni mwako" ilikuwa imeshanifika kooni. Makokha akanikanyaga kidole cha mguu. Heri kidole, mwanangu, kuliko ulimi.

"Kukhu," akasema polepole, "kazi ya mikono yako ni safi sana. Lakini huyu anapumulianga mgongoni. Analalanga bila nguo."

Kukhu akainuka, akalivuta blanketi lake. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namnyonga! Na mimi nilidhani anasikia baridi, maskini."

Akacheka yeye kwanza, ndipo sisi tukapata ruhusa.

Makokha akasugua masizi kwa burashi laini, akifuata mapezi yasipinde. Kisha akaiwasha mashine, tukangoja. Mvua ikaanza juu ya mabati. Macho yangu yakawa mazito, nikaona mashamba ya miwa yamekuwa meupe kwa barafu, na Kukhu akipita katikati yake akiyafunika moja moja. Nikaamshwa na kishindo. Vipande vya kwanza vilikuwa vimeanguka, na nje gari la samaki lilikuwa likipiga honi. Senge akachukua kipande kimoja, akakibandika shingoni, akafumba macho.

Basi mwanangu, sikia. Kitu kikikwama, usikimbilie kuongeza; tafuta kwanza kilichoziba. Hata rafiki yako wa bwenini akinyamaza, usimmwagie mawaidha. Weka kiganja, usikie kama anapumua. Na ukigundua kuwa aliyeziba alifanya hivyo kwa mapenzi, ondoa blanketi lakini mwachie heshima yake.

Mungu akupe masikio marefu kuliko ulimi, akuepushe na hesabu za asubuhi, na popote utakapolaza kichwa, upepo usikukose.