Tokuyo Alivyowalisha Wageni Bila Kuwasha Jiko

Hapa Kuroiwa, upande wa kusini wa kisiwa cha Shodoshima, kila mtu alijua kwamba Tokuyo hajui kupika. Haikuwa siri wala tusi. Wali wake ulikuwa na tabaka mbili, la chini limeungua na la juu bichi. Pweza wake ungeweza kumshonea mtu soli ya kiatu. Mwenyewe alisema siku aliyozaliwa walimpa mdomo, mikono wakasahau.

Mdomo kweli alipewa. Nusu ya maisha yake aliyatumia kwenye kiwanda cha sosi ya soya, amesimama juu ya mapipa makubwa ya mbao akikoroga kwa mti mrefu, na huko juu akazoea kupayuka ili walio chini wamsikie. Alipostaafu, sauti haikustaafu. Ukijifungia ndani na kuziba madirisha, bado utajua leo anamsema nani.

Mumewe, Yasukichi, alikuwa fundi wa kukarabati hayo mapipa, mtu mpole, mnene, asiyemaliza sentensi. Sote tulimwonea huruma kila ilipofika saa ya chakula cha mchana. Alikufa kwa moyo, na daktari alituhakikishia kwamba chakula hakikuhusika.

Sasa, Tokuyo alikuwa na mpwa wake, Shigeto, mtoto wa kaka yake. Kazi ya Shigeto ilikuwa kuleta vikundi vidogo vya wageni kutoka Osaka na Kobe, watu wa mjini wanaotaka kula vya kisiwani na kuonyeshwa utamaduni. Aliwapeleka kwa mama yake, Kinue, ambaye figili tu akiichemsha, ukiila unatamani kumwomba mtu msamaha. Wifi hao wawili walipendana kwa sharti moja: Tokuyo asiguse sufuria.

Asubuhi moja ya baridi, Kinue akateleza shambani kwenye mizeituni, akavunjika mkono wa kulia. Wageni walikuwa tayari wamo kwenye kivuko. Shigeto akakimbilia kwa shangazi yake, uso umempauka.

"Shangazi, niokoe."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama kavunjika mkono, nampeleka hospitali. Na nina wageni sita."

"Ukaona uniletee mimi, ili wafe hao sita."

"Usipike, Shangazi. Nakupigia magoti. Kaa nao tu, waongeleshe, wape chai, nitarudi na vyakula vya dukani."

"Chai naiweza."

Shigeto akafikiri kidogo. "Wape ya chupa."

Wageni wakaja, wakavua viatu, wakaketi kwenye mikeka ya Kinue na magoti yao yamekunjwa vizuri. Mkubwa wao alikuwa Bwana Ogaki, mwalimu mstaafu wa historia, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Muda ukapita. Tumbo la mtu likanguruma, na wote wakatazama dirishani kwa adabu.

"Mna njaa," Tokuyo akasema.

"Hapana, mama, tuko sawa kabisa," akajibu Bwana Ogaki.

"Mna njaa, na mimi sijui kupika. Msidhani ni unyenyekevu, mtaulizia. Lakini najua leo kila nyumba imepika nini. Vaeni viatu."

Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu. Mimi ni mjane wa kiume, nilikuwa nimevaa suruali ya ndani ya baridi, nakula wali wa jana na mwani uliochemshwa kwenye sosi. Mlango ukafunguka bila hodi.

"Umeji, vaa nguo. Nimekuletea wageni wa Shigeto, wanataka utamaduni."

"Hapa kwangu hakuna kitu kama hicho."

"Kiko kwenye bakuli. Sogea."

Wakaingia, wakajipanga jikoni kwangu, wakaula mwani wangu wote. Bwana Ogaki akaniuliza kwa heshima kama pishi hilo ni la zamani. Nikamwambia ni la wiki iliyopita. Wakati huohuo Tokuyo alikuwa akiwasimulia akina mama wa kikundi jinsi nilivyomposa mwanamke gatini, na yule mwanamke akaona heri apande kivuko kuliko kunijibu. Kivuko chenyewe kilikuwa hakiendi kwao. Walicheka hadi mmoja akapaliwa, nikampa maji, na kusema kweli nilikuwa sijacheka jikoni humo tangu mke wangu afe.

Niliwafuata. Ningefanya nini, chakula changu kilikuwa kimeisha. Nyumba ya pili tukala wali wa dagaa, na kusikia kwa nini mwenye nyumba hasalimiani na mbwa wa jirani. Ya tatu tukapewa zeituni za chumvi na mikasa ya talaka. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Ndipo mgeni mmoja akauliza kuhusu tambi, zile nyembamba kama uzi ambazo kisiwa chetu kinasifika nazo, na mimi mjinga nikasema, "Za kweli ziko kwa Fusae."

Tokuyo akanyamaza. Mara ya mwisho kumwona amenyamaza ilikuwa kwenye mazishi ya Yasukichi, na aliyemnyamazisha ni huyohuyo Fusae. Watu walikuwa wameketi, uvumba unafuka, Fusae akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa ule mchuzi wa Tokuyo, ajabu ni kwamba alichelewa kufa." Wengine tuliinamisha vichwa, tukatingisha mabega, tukajifanya tunalia. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walikuwa wakipishana barabarani kama miti.

"Twende," Tokuyo akasema mwishowe. "Wageni hawana kosa."

Fusae alikuwa uani, kati ya fremu za kuanikia, tambi zimening'inia kwenye jua na upepo kama nywele zilizooshwa. Alikuwa akizitenganisha kwa vijiti virefu. Alitutazama, akamtazama Tokuyo, akaendelea na kazi.

"Umekuja kuziunguza?"

"Nimeleta watu wa kuzila. Mimi nitasimama nje."

"Nje kuna baridi. Usimame nje uje uugue, nisemwe mimi?"

Tukaingia. Fusae akachemsha tambi na vile vipande vilivyopinda vinavyobaki kwenye vijiti, akavitia kwenye supu ya miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa. Wageni wakaacha hata kupiga picha. Tokuyo alikula bakuli lake polepole, kisha akaliweka chini.

"Fusae, ule mchuzi ulikuwa mbaya. Hukusema uongo. Ila ulisema mbele ya maiti na mbele ya watu."

Bwana Ogaki akajaribu kuinuka atupishe. Nikamvuta koti akakaa.

Fusae alifuta mikono kwenye aproni muda mrefu, kama mtu mwenye mikono kumi.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Siyo na wewe. Yasukichi alikuwa akija hapa kila siku saa nne asubuhi, anakaa na mume wangu, anakula bakuli mbili. Halafu anaenda kwako kula tena, mpaka anamaliza, ili usijue. Nikamwambia, mwambie mkeo ukweli, utapasuka. Akasema afadhali kupasuka. Akafa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia bakuli. Nikaona niseme la kwako kabla mtu hajasema la kwangu."

Nilidhani Tokuyo atarusha bakuli, na nikapima njia ya kutokea.

"Kila siku?" akauliza.

"Isipokuwa sikukuu."

"Kumbe lile tumbo." Akaanza kucheka, kicheko kikapanda, kikavunjika katikati, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Nilimpeleka kwa madaktari mpaka Takamatsu. Nikawaambia, huyu mwanamume ananenepa na mimi najua ninachomlisha, haiwezekani. Na yeye kakaa pale anatikisa kichwa, eti naye anashangaa."

Hapo Fusae naye akaanza, na wageni wakafuata, na Bwana Ogaki akavua miwani yote miwili.

Shigeto alirudi jioni na mifuko ya dukani, akakuta nyumba ya mama yake tupu. Alitutafuta nyumba hadi nyumba, akifuata kelele, na alipotukuta kwa Fusae aliwaomba wageni radhi mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hawakumwelewa. Walikuwa wakimuuliza kama kesho shangazi yake ana nafasi.

Kinue alipopona mkono alitaka wageni wake warudi, na alinuna alipoambiwa kwamba wanaopiga simu sasa wanamwulizia yule mama asiyejua kupika. Alinuna majira mazima ya machipuko. Mwishowe alikubali nyumba yake iwe kituo cha mwisho cha mzunguko wa Tokuyo, kwa masharti aliyoyatamka mwenyewe mbele yetu: wageni waje na njaa, na habari ya yeye kuteleza kwenye mizeituni isisimuliwe.

"Ulianguka vipi, kwani?" Tokuyo akamuuliza.

"Hayakuhusu, wifi."

"Basi nitabuni," Tokuyo akasema, na tunavyomjua, sote tukamshauri Kinue aseme tu ukweli.