Springi ya Landrova niliyoitia maji kama jembe

Wakuu, habari za humu ndani.

Wengi kwenye jukwaa hili la magari huwa mnaniita "dogo" kwa kuwa hamjui umri wangu. Basi leo shikamoo zenu zote nimezipokea kwa pamoja. Mimi ni mtu wa enzi za Mwingereza, simu hii nimefundishwa na mjukuu, na haya ninayoandika niliyafanya kwa mikono yangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana aliyekuwa wa kunisifia ameshanisifia.

Juzi nimesoma uzi wa kijana anayekereza bushi za gari lake nyumbani, watu wakamcheka kwamba bila mashine za kisasa anacheza tu. Nikasema ngoja nami nitoe yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya mkoloni. Nilikuwa nimepiga kazi gereji moja Singida mjini miaka mitatu, nikarudi kwetu upande wa Nduguti na sanduku la spana, jiriwa moja ya kubania chuma, keekee ya mkono, na kichwa kikubwa kuliko vyote hivyo.

Baba yangu alikuwa mfua chuma. Majembe, visu, mikuki, vyote vilitoka kwenye banda lake nyuma ya nyumba. Akanigawia nusu ya banda.

Upande wake moto na viriba vya ngozi ya mbuzi vya kuuvuvia. Upande wangu jiriwa niliyoifunga kwenye kisiki, na lathe niliyoiunda kwa baiskeli.

Ndiyo wakuu, lathe ya baiskeli. Unakanyaga pedali, gurudumu la nyuma linazungusha mkanda, mkanda unazungusha chuma, nawe unakata. Ukimaliza bushi moja, kile kipete cha shaba cha kuvalia bolti, miguu inatetemeka kama umetoka Mkiwa kule mbali na gunia la mtama nyuma. Lakini bushi inakaa sawasawa, hilo nawaapia.

Sasa tuje kwenye shida yangu. Shida yangu iliitwa Naomi.

Nilikuwa nimepeleka posa kwao, na baba yake, Mzee Kitundu, alikaa kimya miezi miwili. Mzee alikuwa na ng'ombe wengi, na baadhi yao aliwauza akanunua Landrova kuukuu kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Ndilo lilikuwa gari pekee pale kijijini.

Nikasikia pembeni kwamba anasema hawezi kumpa binti yake mtu anayeshinda akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu ukiitazama kwa nje, ni kweli ile baiskeli haikuwa inakwenda popote.

Mungu si Athumani. Mzee akapakia magunia ya karanga kupita kiasi, akateremka nayo mlima Sekenke, na jani kubwa la springi ya nyuma, lile bapa refu la chuma linalobeba uzito, likakatika. Spea ilikuwa ya kuagizwa Dar es Salaam, kungoja mwezi na zaidi. Na yeye wiki ile alikuwa ameahidi kumpeleka mkewe Singida kumwona mjukuu wao wa kwanza, aliyezaliwa na dada yake Naomi.

Akaja bandani mwenyewe. Akasimama mlangoni, akaitazama baiskeli yangu, akasema, "Kijana, unaweza au huwezi?"

Nikasema naweza. Hata sikuvuta pumzi.

Nilikuwa na majani mawili ya springi ya lori niliyoyabeba kutoka Singida. Moja nikalipasha moto, nikalipunguza upana kwa patasi, nikalikunja jicho la kuingiza bushi kila ncha, nikatoboa tundu la kati kwa keekee mpaka viganja vikatoa malengelenge. Bushi nikakereza mpya. Mwisho nikalipasha likawa jekundu, nikalizamisha kwenye maji, kama nilivyomwona baba akifanya na majembe tangu sijaota meno.

Likalia vizuri kweli. Ukiligonga linaita.

Baba akaja akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akasema, "Mwanangu, umetengeneza jembe zuri sana. Nani atalima nalo?"

Nilikasirika, wakuu. Nikamwambia haya mambo ya magari yana elimu yake. Kumjibu baba mzazi hivyo, mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Nikalifunga. Mimi na Mzee Kitundu tukatoka kulijaribu. Tulipofika korongo la kwanza, hata mwendo hatujaongeza, nikasikia "paa", gari likalala upande mmoja. Jani lilikuwa limekatika vipande viwili kama sahani ya udongo.

Mzee alishuka, akaangalia, akarudi kukaa. Akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Basi. Springi na posa, vyote vitasubiri."

Nilirudi nyumbani kichwa chini, vipande begani. Baba hakunicheka. Alichomoa mkuki wake ukutani, akauweka gotini, akaupinda mpaka nikafumba macho. Akauachia. Ukanyooka.

"Jembe linashindana na udongo," akasema. "Udongo haugeuki. Lakini mnyama akichomwa anageuka, kwa hiyo mkuki lazima ukubali kupinda. Hiyo gari yenu ikipita korongoni, inatulia kama udongo, au inageuka kama mnyama?"

"Inageuka, baba."

"Basi mkuki hautiwi maji. Unatiwa mafuta ya kondoo."

Yaani miaka yote nimekua ndani ya lile banda, nimemwona akitia mkuki kwenye mafuta, na hata siku moja sijawahi kuuliza kwa nini. Gereji nako tulikuwa tunafunga springi tu zilizotoka dukani. Nilijua kufunga, sikujua kufua.

Tatizo likawa mafuta yenyewe. Jani la springi ni refu, linataka kihori kizima cha kunyweshea ndama. Mama akatoa vibuyu vyake vya akiba huku ananung'unika. Havikutosha. Ikabidi nirudi kwa Mzee Kitundu kuomba kondoo wenye mikia minene.

Akanitazama sana. "Umevunja springi, sasa unataka kitoweo?"

Nikamweleza habari ya mkuki. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa kondoo wawili.

Nikatengeneza lile jani la pili la lori, na safari hii baba alisimama kwenye moto na mimi nikavuta viriba. Lilipofika rangi ya pilipili iliyoiva, akalizamisha kwenye mafuta. Kisha akalirudisha juu ya makaa taratibu, mpaka mafuta yaliyobaki juu yake yakashika moto yenyewe na kuisha. Halafu akalifukia kwenye majivu.

Harufu ya nyama ya kondoo ilizagaa kijiji kizima. Watu wakaanza kuja mmoja mmoja wakidhani kuna karamu. Kwa kuwa nyama ilikuwepo, ikawa karamu kweli.

Siku ya safari, Mzee aliendesha, mkewe pembeni, mimi nyuma na spana zangu nikiisikiliza springi. Tukapita lile korongo. Ikashuka, ikapanda, ikanyamaza.

Nikaomba gari lisimame nikague. Nikajilaza chini yake, nikashika jani, zima kabisa. Kidogo nilie.

Wakati nataka kutoka, nikaona miguu ya mama yake Naomi. Alikuwa ameshuka kujinyoosha.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu enzi zile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana usoni, na mama hasemi naye moja kwa moja, anamtuma mtu. Lakini mimi posa yangu ilikuwa haijajibiwa, kwa hiyo kwake nilikuwa kijana wa kawaida. Mpaka siku ile alikuwa akinisalimia njiani uso wazi, ananiuliza hali ya nyumbani.

Nikamsikia akimwambia mumewe, "Mwambie huyo aliye chini ya gari atoke. Mimi nimegeuka."

Nikatoka. Alikuwa amenipa mgongo, khanga ameivuta mpaka usoni.

Mzee Kitundu akamtazama mkewe, akanitazama mimi na grisi yangu, akacheka mpaka akaegemea bodi ya gari. "Sasa mimi nijibu nini tena?" akasema. "Mwenye nyumba ameshajibu."

Singida tulifika salama na kurudi salama. Ile springi ilidumu kuliko gari lenyewe.

Na vile vipande viwili vya jani lililokatika? Baba alivifua vikawa majembe mawili, akayatia maji kama inavyotakiwa. Moja lilikwenda kwa mama mkwe pamoja na mahari. La pili alimkabidhi Naomi siku ya harusi, mbele ya watu, akanigeukia na kusema, "Uliniambia magari yana elimu yake. Mimi nilikuuliza nani atalima nalo. Huyu hapa."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujakitia chuma maji, uliza kinakwenda kufanya kazi gani. Na kama mwenye kujua yuko upande wa pili wa banda lako, muulize mapema, si baada ya korongo.

Naomi yuko hapa pembeni, anasema nisisahau kuandika kwamba jembe bado analo, limebaki dogo kama kijiko.

Haya, wenye karakana za nyumbani, semeni nanyi mlivunja nini kwa ujuaji. Na yule kijana wa bushi, endelea kukereza.